Arobaini na Mbili kwa Mguu wa Arobaini

Songea,
9 Januari 2024

Mwanangu Ursula,

Kosa wanalofanya watu wengi wanaponunua raba za kukimbilia kwa mara ya kwanza ni kusoma namba iliyoandikwa kwenye ulimi wa kiatu na kuiamini. Naanza na hilo kabla ya salamu, jambo ambalo marehemu baba yako angenigombezea, kwa sababu uliniambia unakwenda mnadani, na ninakujua: ukishasema unakwenda, umeshafika.

Sasa salamu. Hapa Songea tu wazima. Binti yangu Jovita amehamishiwa kufundisha shule ya karibu na nyumbani, kwa hiyo sasa napata mtu wa kubishana naye wakati wa chakula cha mchana. Mahindi yamefika magotini. Msalimie Baba Irine na Irine mwenyewe.

Nimekubali tuandikiane kwa karatasi. Kweli simu inayolala juu ya kaunta ya mgahawa wako ni simu ya wateja wote. Tena mimi nimefundisha miaka mingi, nikiwa na karatasi ndipo najua ninachofikiri.

Nusu mwaka umepita tangu madaktari wa Dar es Salaam wakupunguzie mfuko wa tumbo, na sasa wamekuruhusu kutembea haraka na kukimbia polepole. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha kwenye simu. Mama yako, wifi yangu, tulimzika kwa kisukari akiwa hajafika hamsini, na kwako sukari ilikuwa imeshapiga hodi. Mwili huu uliopungua tunautaka ubaki na wewe, na kukimbia ni sehemu ya kuulinda. Ndiyo maana kiatu si jambo dogo.

Watu hudhani mtu akipungua hupungua tumbo na mashavu. Mguu nao hupungua. Una mafuta chini ya ngozi, una maji, na unyayo uliokuwa umelazwa na uzito huinuka kidogo. Namba uliyovaa miaka yote inaweza isiwe yako tena. Kwa hiyo nenda alasiri, wakati mguu umeshavimba kwa kazi za siku, maana hata ukikimbia utavimba. Chukua soksi utakazokimbilia. Vaa zote mbili, simama, usikae. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kisigino kishikwe, kisipande na kushuka. Kunja kiatu kwa mikono: kikunjike pale vidole vinapokunjikia, si katikati kama chapati. Ikiwa ni mtumba, kiweke mezani ukitazame kwa nyuma. Kikiegemea upande, kimeshajifunza mwendo wa mtu mwingine, mwachie.

Kabla ya kununua, simama peku juu ya karatasi, Baba Irine akuchoree mguu kwa kalamu iliyosimama wima, kisha uniletee mchoro. Nitakuambia namba.

Shangazi yako,
Romana


Babati,
6 Februari 2024

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imenikuta nikiwa mzima, na wote wa nyumbani ni wazima. Baba Irine amepalilia shamba la Mutuka peke yake mwaka huu, anasema mgongo umempa notisi. Irine ameingia kidato cha pili. Nyonga yako inaendeleaje? Jovita alisema ilikuwa inakusumbua.

Kazini si kubaya, ila wateja wamepungua. Unajua mgahawa wangu uko karibu na stendi, na watu wa safari hula kwa macho kwanza. Zamani walikuwa wakiniona wanajua wamefika mahali pa kushiba. Wiki iliyopita dereva mmoja wa lori la vitunguu, mteja wangu wa siku zote, alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akasukuma sahani.

"Mama Irine, ikiwa mpishi mwenyewe hashibi, sisi tutashiba?"

Wenzake wakacheka. Nilicheka nami. Nikawaambia nilikuwa na malaria kali. Mwezi wa kumi nilisema vidonda vya tumbo. Ya kweli tunayajua mimi, wewe na mume wangu Xavery, na ndivyo ninavyotaka. Najua wanachosemezana. Hapa kwetu mtu akikonda ghafla, watu humhesabia siku.

Mnadani nilikwenda kabla barua yako haijafika, usinigombeze. Kuna kijana anaitwa Mudy, anauza raba za mtumba, anazisugua mpaka zinang'aa na kuzijaza magazeti. Akaniita, "Mama, njoo uone hizi. Za mzungu mmoja, alikimbia mara moja akachoka, akarudi kwenye gari lake."

"Ulimwona?"

"Soli yenyewe inasema. Namba ngapi, mama?"

"Arobaini na mbili."

Akautazama mguu wangu. "Mbona kama wa arobaini hivi?"

"Wewe unauza viatu au unapima watu?"

"Haya, arobaini na mbili. Hizi utavaa hata na soksi za jeshi."

Nimezinunua. Ni za bluu, na kisigino hakiegemei popote, nimezitazama kama ulivyoagiza ingawa nilishalipa. Nakimbia alfajiri kutoka hapa Nangara kuelekea njia ya Mutuka, kabla watu hawajatoka. Nakimbia kidogo, natembea, nakimbia tena. Mchoro wa mguu nimeuweka ndani ya bahasha hii. Utaona kuwa ni arobaini na mbili.

Mwanao,
Ursula


Songea,
27 Februari 2024

Mwanangu Ursula,

Marahaba. Nimefurahi kusikia Irine amefika kidato cha pili, mwambie aanze baiolojia mapema, isimvizie. Hapa mvua zinaendelea. Jovita ameleta paka nyumbani bila kuniuliza, na paka amechagua kiti changu.

Nimeuweka mchoro wako mezani, nikaweka rula, kisha nikavua miwani na kuifuta, nikavaa tena. Ursula, huu si mguu. Kwenye ukingo kalamu imerukaruka, kama inavyoruka ikipita kwenye meno ya soli. Na vidole havipo, mbele pameviringa kama mkate. Umechora kiatu.

Sikukasirika. Nadhani najua sababu. Kwetu Mbulu hakuna mtoto aliyewahi kununuliwa kiatu kinachomtosha. Kilinunuliwa kikubwa, kikajazwa pamba mbele, ili akikulie. Mimi nilianza darasa la tano na viatu vilivyonitosha nikiwa la saba, na wakati huo vilikuwa vimeshatoboka. Tabia hiyo tuliibeba hadi ukubwani: tukishika kiatu, mkono unatafuta kikubwa, tunaona kidogo kimetupunja. Lakini wewe una miaka arobaini na moja, mwanangu. Mguu wako hauna mahali pa kukulia.

Kiatu kikubwa kwa mtu anayekimbia ni hatari kuliko unavyodhani. Mguu unateleza mbele, kucha zinagonga, kisigino kinachubuka. Vidole vinajikunja ili kukishika kiatu kisitoke, na mguu uliojikunja hautui vizuri, ndipo kifundo kinapogeuka. Na wewe bado mwili wako unajifunza upya mahali uzito ulipo. Mtu aliyepungua sana hupepesuka kidogo mwanzoni, ni kawaida.

Jambo jingine. Usikimbie tumbo tupu. Najua chakula kingi hakikai, lakini yai moja au maziwa mtindi kidogo vinakaa. Maji unywe kwa mafunda madogo siku nzima, si kwa mkupuo. Na zile vitamini ulizoandikiwa si za hiari.

Nichoree mguu. Mguu peku.

Shangazi yako,
Romana


Babati,
14 Aprili 2024

Shangazi, shikamoo.

Nisamehe kwa ukimya. Pasaka ilipita salama, Idi pia, na Mama Luqmani jirani alituletea pilau ya sufuria nzima. Yeye ni yule mwenye duka la rejareja pale kona, ulimwona ulipokuja kwenye kipaimara cha Irine, alikuwa anakusahihisha namna ya kumenya embe. Mvua ni nyingi, barabara ya Mutuka imekuwa uji.

Nilianguka. Ilikuwa katikati ya Ramadhani, alfajiri, mvua imekatika. Nilikuwa narudi, nikakanyaga kijiwe, kiatu kikaenda upande wake na mguu ukaenda upande wake. Nilianguka kwa magoti mbele kabisa ya duka la Mama Luqmani, naye alikuwa ametoka kuswali, anafagia.

"Mama Irine, nani anakukimbiza?"

"Hakuna."

"Sasa unakimbia nini, na wewe mgonjwa?"

"Mimi si mgonjwa."

"Mji mzima unajua unaumwa. Wewe tu ndiye hujaambiwa."

Akanikalisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, akanivua kiatu atazame kifundo. Kikadondoka kitambaa cha meza, cha mgahawani kwangu, nilikuwa nimekikunja na kukisukuma mbele. Akakiinua.

"Hiki kinafanya nini humu?"

"Kinajaza nafasi."

"Nafasi ya nani?"

Nikalia pale kwenye ndoo, mtu mzima, yeye amesimama na kitambaa mkono mmoja na ufagio mkono wa pili. Kisha nikamwambia yote, hospitali, Dar es Salaam, tumbo. Akasema, "Basi mshenzi wewe. Nimekuombea dua mwezi mzima, kumbe mzima."

Kifundo kilikuwa kimetetereka tu. Kimeshapona, lakini sijakimbia tena tangu siku hiyo, na nilitaka niache kabisa bila kukuambia.

Si kiatu cha kukulia, Shangazi. Ulikosea hapo. Nilijua mguu wangu ni arobaini kabla sijakwenda mnadani, maana hata ndala zilikuwa zinanitoka. Nilinunua arobaini na mbili kwa sababu nilikuwa namnunulia yule atakayerudi. Nimewahi kupungua mara mbili, wewe unakumbuka. Mara ya kwanza kwa kabichi, mara ya pili kwa dawa za yule mama wa Arusha. Mara zote mbili niligawa nguo zangu kwa furaha. Mara zote mbili nilinenepa kupita pale nilipokuwa, na kanisani nikakaa nyuma ya mtu aliyevaa gauni langu, nikijua siwezi kumwomba. Ndani ya kabati nguo zote kubwa bado zipo. Xavery huniuliza, namwambia nitazitoa.

Mama alikuwa akisema mwili wake ni deni, atapunguza leo na kesho litamdai. Ninaogopa litanidai mimi.

Na nyonga yako nilikuuliza, ukanijibu habari za paka. Mimi nilificha mguu, wewe unaficha nyonga. Tumelingana.

Ursula


Songea,
5 Mei 2024

Mwanangu Ursula,

Marahaba. Pole sana. Mwambie Mama Luqmani nimemshukuru, na kwamba kwenye embe alikuwa sahihi.

Umenikamata. Tangu Novemba natembea kwa mkongojo, na sijakwenda kupimwa kwa sababu najua watakachosema, na sitaki kukisikia. Jovita ameshachukua tarehe ya hospitali. Nitakwenda.

Umenisahihisha pia kuhusu kiatu, na nimekubali. Nilikuwa nimeshapata jibu kabla sijamaliza kusikiliza, hilo ni gonjwa la walimu. Sasa nitakuambia ninachokijua, na nitakuonyesha pale ninapoishia.

Kabichi ilikufanya uvumilie njaa, na njaa haivumiliki milele, kwa hiyo ulirudi. Hukuwa mvivu, ulikuwa mtu mwenye njaa. Upasuaji ni jambo jingine. Mfuko wenyewe umepunguzwa, na sehemu iliyoondolewa ndiyo iliyokuwa ikituma kwa wingi ujumbe wa njaa kichwani. Ndiyo maana leo unapika siku nzima na harufu haikutesi kama zamani. Hapo naongea kwa uhakika. Sasa ninapoishia: wengi waliofanyiwa hurudisha kilo kadhaa baada ya miaka michache. Wanaotembea, wanaokula protini kwanza na wanaorudi kliniki huzidhibiti vizuri zaidi. Je, wewe utakuwa wapi? Sijui. Daktari wako pia hajui. Sitakuahidi kitu nisichokishika.

Lakini nisikilize juu ya huyo unayemwita atakayerudi. Unamwogopa kana kwamba ni mwizi. Huyo ndiye aliyefungua mgahawa na jiko moja la mkaa. Ndiye aliyemuuguza mama yako, akamgeuza kitandani usiku na mchana. Ndiye aliyepanda basi na kwenda kulala kwenye meza ya upasuaji. Hakukufanyia ubaya wowote. Akirudi kidogo, mkaribishe, na siku hiyo mtamtafutia kiatu chake. Viatu havijaisha duniani, kila mnada vipo.

Leo anayekimbia ni mwingine, na anakimbia akiwa amevaa vya mtu asiyekuwepo. Ameshaanguka mara moja.

Nunua arobaini. Ukiweza, nunua dukani.

Shangazi yako,
Romana


Babati,
2 Juni 2024

Shangazi, shikamoo.

Ulikwenda kupimwa? Nimemwambia Jovita nikipata barua yenye habari za paka tu nitapanda basi.

Hapa baridi imeanza, mlima Kwaraa asubuhi hauonekani kwa ukungu. Tumevuna maharage, si mabaya. Xavery anakusalimu.

Nimenunua. Arobaini, dukani, mpya, alasiri, nikiwa nimesimama, na soksi zangu. Nafasi ya dole gumba imebaki mbele, kisigino kimetulia. Nilitembea dukani mle mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimepotea. Shangazi, sikujua kiatu kinaweza kushika mguu namna ile bila kuubana. Nilikuwa kama nimeshikwa mkono.

Na mgahawani nimesema. Mama Luqmani alinipa siku chache, akaniambia, "Sema mwenyewe, maana mimi mdomo wangu unaujua." Basi yule dereva wa vitunguu alipokuja nikamwambia mbele ya meza nzima kwamba siumwi, nimepunguzwa tumbo hospitalini kwa ajili ya sukari. Akaacha kutafuna.

"Kwa hiyo chakula chako ndicho kilichokupeleka kukatwa?"

"Cha kwangu nilikula miaka kumi na mitano. Wewe unakula mara mbili kwa wiki, huna haja ya kuogopa."

Alicheka mpaka akakohoa, akaagiza ndizi nyama ya pili. Sijui kama wote wataamini. Lakini nimepumzika, sihitaji tena kukumbuka nilisema malaria au vidonda.

Raba mpya nimeziweka kwenye boksi lake juu ya kabati. Nazivaa chumbani, nikitandika, na Jumapili iliyopita nilizivaa mpaka uani. Njiani bado navaa zile za bluu na kitambaa chake, kwa sababu vumbi la Mutuka unalijua, likishaingia kwenye kitu cheupe halitoki. Nakimbia polepole, sijaanguka tena, ni malengelenge tu kisigino cha kulia. Nataka zile mpya zikae vizuri. Risiti nimeihifadhi, mwenye duka alisema zikiwa safi anaweza kunibadilishia namba hata baadaye.

Mwanao,
Ursula


Songea,
20 Juni 2024

Mwanangu Ursula,

Marahaba. Nimepimwa. Nyonga itabadilishwa Dar es Salaam mwezi wa nane, na daktari, kijana mdogo tu, ameniambia nitafundishwa upya kutembea. Nimemwambia mimi huwa nafundisha, sifundishwi. Akasema, "Mama, na viatu vyako tutavichagua sisi." Jovita alicheka hadi nje. Naogopa, nimeliandika hilo ili usiniulize.

Nimemsomea Jovita ile sehemu ya dereva, akaniambia niisome tena.

Sasa risiti. Sikukuuliza habari za risiti, wewe mwenyewe umeitaja, na umeitaja mwishoni kabisa, mahali ambapo mtu huweka jambo analotaka aulizwe. Raba safi hubadilishwa namba. Raba iliyokimbia haibadilishwi, ni yako. Umeshanunua kiatu cha mguu ulio nao, umeshauambia mji ukweli, na bado umeacha kamlango kadogo nyuma, usafi wa soli. Nakuelewa. Na mimi nilimwomba daktari tarehe ya mbali.

Sitaki uchome nguo za kabatini. Zikae. Kabati halimwangushi mtu njiani. Lakini malengelenge yakipasuka utapumzika wiki, wiki itakuwa mwezi, na sukari haisubiri mtu atunze kitu cheupe. Raba hizo zilitengenezwa zichakae. Zikikaa juu ya kabati mpaka mwakani, hazitakuwa zimekulinda na chochote.

Kwa hiyo mimi shangazi yako Romana sina somo jingine la kukupa, ila hili moja. Leo alasiri, jua likiwa bado juu na watu wakiwa barabarani, kula yai lako, vaa raba mpya, tokea mlango wa mbele, ukimbie polepole mpaka njia ya Mutuka, uzitie vumbi.